Kutoka Lori la Sinema hadi Simu ya Mkononi: Vyombo vya Sauti na Picha katika Huduma ya Vijana, Tukizitazama Kibondo na Kasulu

Utangulizi

Swali linalorudi mara kwa mara katika vikao vya wachungaji ni hili: je, Kanisa liwafundishe vijana wake kwa video na mitandao ya kijamii? Wako wanaosema kwamba simu imewapokonya vijana Biblia. Wako wengine wanaosema kwamba mchungaji asiyeonekana kwenye simu hataonekana kabisa. Pande zote mbili huzungumza kana kwamba jambo hili ni jipya. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba si jipya. Kwa muda wa miaka tisini hivi makanisa ya Afrika Mashariki yamejaribu chombo kimoja baada ya kingine, na kila chombo kimeacha fundisho. Tutayapima mafundisho hayo kwa hali ya nyanda za juu za Kigoma, yaani Kibondo na Kasulu, mahali ambapo mpaka uko karibu na neno moja lililorushwa ovyo laweza kumgharimu mtu maisha yake.

Lori la sinema, 1935–1937

Yafaa tuanzie Vugiri, katika milima ya Usambara. Huko, kati ya mwaka 1935 na 1937, uliendeshwa mradi wa kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika. Wazo lilitoka kwa J. Merle Davis wa Baraza la Kimataifa la Misioni, na fedha nyingi zilitoka katika shirika la Carnegie la Marekani. Msimamizi wa utengenezaji alikuwa L. A. Notcutt. Filamu zilihusu akiba ya posta, safura, kilimo na biashara ya mazao. Lori lenye mashine ya kuonyeshea lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Maelezo yalirekodiwa katika sahani za santuri kwa lugha mbalimbali, hata picha ile ile iliweza kusema lugha ya kila mahali.

Hapa tunaona jambo jema, nalo ni kuheshimu lugha ya msikilizaji. Lakini twaona pia upungufu. Waafrika waliigiza na kusaidia kazi, bali waliochagua la kusemwa walikuwa wengine. Na serikali ya kikoloni ilipokataa kuugharimia mradi mwaka 1937, kazi ilikoma. Watazamaji walibaki na kumbukumbu; hawakubaki na chombo wala ujuzi wa kukitumia.

Sauti ya Injili, 1963–1977

Tarehe 26 Februari 1963 Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni lilifungua redio ya Sauti ya Injili mjini Addis Ababa. Mwaka huo huo, mwezi wa Juni, makanisa saba ya Kilutheri ya Tanganyika yaliungana kuwa Kanisa moja. Vipindi vya Kiswahili vilitayarishwa katika studio ya Moshi, vikarushwa kutoka Ethiopia kwa masafa mafupi. Sehemu kubwa ya vipindi haikuwa mahubiri, bali habari, elimu, afya na malezi, kwa kuwa waanzilishi waliamini kwamba Injili inamhusu mtu mzima, mwili na roho.

Tarehe 12 Machi 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia iliitwaa redio hiyo. Miaka kumi na minne ya kazi ilikatika siku moja. Hata hivyo studio ya Moshi haikufa, na hata leo Redio Sauti ya Injili inasikika kutoka Moshi. Tofauti hii ina uzito. Mnara uliokuwa mikononi mwa dola ulipotea. Ujuzi uliokuwa mikononi mwa Wakristo wenyewe ulidumu.

Fundisho jingine la miaka hiyo latoka nje ya Kanisa. Mwaka 1973 serikali ya Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa njia ya redio. Watu wapatao milioni 2 walishiriki, lakini hawakusikiliza kila mmoja peke yake. Walikutana katika vikundi chini ya kiongozi, wakasikiliza, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Redio ilianzisha mazungumzo. Kikundi ndicho kilichoyageuza kuwa matendo.

Buha na redio mbili

Sasa tuje magharibi. Kiha ni ndugu wa karibu wa Kirundi na Kinyarwanda, na kwa sababu hiyo kijana wa Kibondo au Kasulu huelewa redio za ng'ambo ya mpaka bila mkalimani. Hali hii ilikuwa baraka na hatari pia. Mwaka 1993 ilianzishwa nchini Rwanda redio ya RTLM, ambayo kwa muziki wa kuvutia vijana na mzaha wa watangazaji ilipanda chuki, na mwaka 1994 ikachochea mauaji ya kimbari. Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha ilimtia hatiani mmoja wa waanzilishi wake, Ferdinand Nahimana. Mwishoni mwa Aprili 1994 umati uliokadiriwa na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa kuwa watu 250,000 ulivuka Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi.

Mwaka 1995, huko huko Ngara, Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha Redio Kwizera. Jina lake lina maana ya kuamini na kutumaini. Redio hiyo iliwasemesha wakimbizi pamoja na wenyeji, ikawasaidia waliopotezana kutafutana, nayo ikaja kusikika Kibondo na Kasulu pia. Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa wilayani Kasulu kwa ajili ya Wakongo, na tangu 2015 Nyarugusu na Nduta ya Kibondo zikapokea Warundi wengi.

RTLM na Kwizera zilitumia chombo cha namna moja, na lugha zilizosikilizana. Basi haitoshi kusema kwamba chombo hakina dhambi na kwamba mtumiaji ndiye mwenye dhambi. Sauti inayoingia kila nyumba bila kujibiwa humzoesha kijana kusikiliza tu. RTLM ilimwambia nani amchukie. Kwizera ilimwuliza anamtafuta nani. Huduma ya vijana yapasa ijipime kwa swali hilo la pili.

Simu

Mwezi wa Julai 2009 mkongo wa SEACOM wa chini ya bahari ulifika Dar es Salaam, na intaneti ikaanza kuwa nafuu zaidi. Kigoma ilichelewa kufaidi. Kwa miaka mingi miji ya Kasulu na Kibondo ilitegemea majenereta ya dizeli, hadi gridi ya taifa ilipofika katika miaka hii ya 2020. Kwa sababu hiyo vijana walijitengenezea njia yao: nyimbo na video za kwaya zilirushwa dukani kwenye kadi ya memori, kisha zikapita kutoka simu hadi simu bila mtandao. Kabla mchungaji hajaanza kuuliza kama video inafaa, kwaya ilikuwa imekwisha kujibu.

Lakini mnara bado ni wa mwingine. Tangu Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa, na kitambulisho cha taifa kikadaiwa. Jambo zito katika mkoa wa mpakani, ambako uraia wa mtu huhojiwa upesi. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilidai leseni na ada. Na tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Huduma ya vijana iliyokuwa na kundi la WhatsApp peke yake ilinyamazishwa, kama ilivyonyamazishwa Addis Ababa mwaka 1977.

Mafundisho kwa huduma ya leo

Kwanza, video itazamwe pamoja. Simu moja, vijana kumi na mwalimu mmoja wa kipaimara hutosha kufufua kikundi cha mwaka 1973. Mtume Paulo asemapo katika Warumi 10:17 kwamba imani hutokana na kusikia, hasemi habari za msikilizaji aliyejifungia peke yake.

Pili, vijana wawe watengenezaji, na Kiha kisionewe haya. Kosa la Vugiri lisirudiwe kwa kuwaletea video zilizotengenezwa mjini, ambazo kazi yao ni kuzitazama tu.

Tatu, kila kinachowekwa mtandaoni kiwe pia mkononi: katika kadi, katika karatasi, katika wimbo uliokaririwa. Luther alijua nguvu ya mashine ya chapa, lakini Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529 aliikusudia isemwe nyumbani, mezani, kwa moyo.

Nne, sura ya kijana ilindwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inatudai ridhaa. Upendo unadai zaidi. Kijana aliyekimbia vita akitoa ushuhuda mbele ya kamera, ushuhuda wake wavuka mpaka kwa dakika moja na kuwafikia wale aliowakimbia. Mchungaji anayefurahia idadi ya watazamaji ajiulize kwanza kama kijana huyo atalala salama usiku ule.

Hitimisho

Historia haitupi ruhusa ya kuikataa simu, wala ya kuitegemea. Lori lilikwenda zake, redio ikatwaliwa, mtandao ukazimwa. Kilichobaki kila mara ni watu waliofundishwa kusema na kusikilizana. Hao ndio Kanisa limepewa kuwalea, na chombo chochote kinachowaongeza hao Kibondo na Kasulu kinastahili nafasi yake katika huduma.