Gari Inakataa Kuwaka: Chunguza Nyumbani Mbele ya Kununua Piesi

Hapa Bukavu, gari nyingi tunazotumia zilitoka Japani zikiwa zimeshatumiwa. Siku gari inakataa kuwaka, tunaita fundi, fundi anasema alternateri imekufa, tunalipa. Kesho yake gari inakataa tena. Kumbe ilikuwa waya tu iliyolegea. Na piesi ya umeme ikishafungwa kwenye gari, si rahisi muuzaji akubali kuirudisha. Basi, ndugu mwenye gari, haya ndiyo unaweza kuchunguza wewe mwenyewe mbele pesa haijatoka mfukoni.

Kama haiwaki

Washa taa za mbele, halafu zungusha ufunguo. Taa zikififia ao zikizimika, anzia kwenye bateri na vichwa vyake. Zima gari, fungua kichwa cha kutoa kwanza, kisha kile cha kujumlisha. Sugua ule unga mweupe, kaza vizuri, jaribu tena. Taa zikibaki na nguvu na unasikia tu "tak" moja, angalia demareri na waya zake.

Kama uko na mita ya umeme, pima bateri asubuhi mbele ya kuwasha. Volti 12.6 ni bateri iliyojaa. 12 kushuka, iko karibu tupu. Washa moteri, pima tena: ioneshe kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki kwenye 12, bateri haipati umeme. Lakini angalia kwanza mkanda, fyuzi na waya. Alternateri inakuja mwisho.

Taa ya moteri ikiwaka

Mashine ya kusoma kodi inaonyesha shida iko upande gani, haikutajii piesi ya kununua. Kodi P0301 inasema silinda ya kwanza haichomi vizuri. Kama moteri iko na bobini moja kwa kila silinda, badilishana bobini ya kwanza na ya pili. Futa kodi, tembea kidogo, soma tena. Ikigeuka P0302, bobini ndiyo mbaya. Ikibaki P0301, fanya vile vile na buji. Mpaka hapo hujatoa hata franga moja.

Joto

Mji wetu uko karibu metre 1500 juu ya bahari. Huku maji yanachemka kwenye digrii 95 hivi, si 100. Mfuniko wa radiateri ndio unabana presha ili yasichemke mapema. Ukichoka, maji yanamwagika hata kama radiateri ni nzima. Basi anza na mfuniko, ni wa bei ndogo. Usiufungue kamwe moteri ikiwa ya moto.

Kutafuta piesi yenyewe

Usiseme tu "Corolla." Kuna Corolla NZE121 yenye moteri 1NZ, na ZZE122 yenye 1ZZ. Kwa macho zinafanana, lakini piesi nyingi za moteri haziingiliani. Piga picha ya kibati chenye nambari ya shasi. Gari zilizotengenezwa kwa soko la Japani haziko na ile nambari ya tarakimu na herufi 17. Ziko na nambari fupi yenye kistari katikati. Beba pia piesi ya zamani, uziweke pembeni kwa pembeni: hesabu matundu, linganisha soketi ya waya.

Ukibadilisha taa za mbele, omba za gari ya usukani wa kushoto. Zile za Japani zinamulika upande wa kushoto wa barabara, na sisi tunatembelea kuume, kwa hiyo zinapiga machoni wanaokuja.

Freni hazingoji

Mlango ao kioo unaweza kununua okazi. Plakete za freni, nunua mpya. Zikibaki chini ya milimetri 3, ao ukisikia chuma kinasaga, usishuke Ngomo na gari hiyo kwenda Kamanyola.

Na fundi mzuri hakasiriki ukimuuliza: "Papa fundi, umejuaje kama ni hii ndiyo imekufa?" Atakuonyesha.