Lugha ya mizimu ya Gedi

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa kwa sababu ya ile gemu ya simu niliyowaambia, inayotokea kwenye magofu ya Gedi, karibu na hapa kwetu Malindi. Mizimu yake inazungumza lugha niliyoitunga mwenyewe.

Nilitaka lugha hiyo iwe na uhusika, yaani nomino ibadilike umbo kuonyesha kazi yake katika sentensi: mtenda, mtendwa, mpewa, mahali. Kilatini kina maumbo 6, Kifini 15. Mimi nikachagua 6, nikaandika jedwali refu, na programu ikawa inakwama kila mzimu ukifungua mdomo.

Jioni moja nikamfasiria nyanya yangu, ambaye ni Mgiriama, sentensi mbili. Nikamweleza kwamba neno "nyumba" lina mkia mmoja mtu akienda, na mwingine akitoka. Akacheka. "Si ushasema anaenda? Nyumba nayo iseme tena ya nini?"

Swali hilo lilinirudisha kwenye historia. Mwaka 1887, Zamenhof, daktari wa macho, alichapisha Warsaw kitabu cha kwanza cha Kiesperanto. Alipunguza uhusika hadi mkia mmoja, -n, wa mtendwa. Lakini mkia huohuo aliutwisha pia kazi ya mwelekeo: "en la domo" ni kuwa ndani ya nyumba, "en la domon" ni kuingia ndani. Nomino ndiyo inayobeba safari.

Mwaka huohuo wa 1887 ilichapishwa London kamusi ya "Kinika", kazi ya wamisionari Krapf na Rebmann waliokaa Rabai, ambayo leo iko Kaunti ya Kilifi. Wote wawili walikuwa wameshafariki. (Wanika ni jina tulilopewa na wengine, nasi hatulipendi. Sisi ni Wamijikenda.)

Huku kwetu nako kuna mkia, -ni. Kwa Kigiriama mudzi huwa mudzini, kama mji na mjini kwa Kiswahili. Ila -ni haijali safari: niko nyumbani, naenda nyumbani, natoka nyumbani. Safari imebebwa na kitenzi. Ukitaka kujua ni mahali pa namna gani, sikiliza upatanisho: nyumbani pake ni pale hasa, kwake ni upande ule, mwake ni ndani. Mpewa naye anakaa ndani ya kitenzi: nimemletea nyanya maji. Nyanya hajabadilika, maji hayajabadilika. Kwa mtu wa programu, huu ni usanifu safi kuliko jedwali langu.

Kilichoniuma zaidi ni faili. Kila faili la lugha huwekewa kifupi kutoka orodha ya ISO, nami nikaenda kutafuta. Katika ISO 639-2, orodha ya herufi tatu iliyotoka 1998, Kiesperanto kimo (epo). Kimo Afrihili (afh), lugha aliyoibuni Mghana K. A. Kumi Attobrah miaka ya 1960 kwa ajili ya Afrika nzima, na jina lake limechota kutoka Kiswahili. Mwaka 2004 kikaongezwa Kiklingoni (tlh), lugha ya viumbe wa filamu za Star Trek! Kigiriama hakimo. Kimefunikwa na bnt, yaani "lugha za Kibantu". Tulisubiri hadi ISO 639-3 ya mwaka 2007 kupata nyf.

Na mimi, mjukuu wa Mgiriama, nilikuwa natunga lugha nyingine ya kuwapa wafu wa Gedi.

Jedwali nimelifuta. Faili sasa linaitwa nyf, na mkaguzi ni nyanya. Jana nilimsomea sentensi 20, akakataa 11.