Shule za Rosenwald: Waliochanga Mara Mbili

Mwaka 1913, katika kijiji cha Loachapoka, jimbo la Alabama, ilifunguliwa shule ndogo ya mbao kwa ajili ya watoto weusi. Gharama yake haikufika dola 1,000. Dola 300 zilitoka kwa Julius Rosenwald, tajiri wa Chicago aliyeongoza kampuni ya Sears, Roebuck. Zilizobaki zilipatikana papo hapo kijijini, kwa fedha, ardhi na nguvu za watu. Kufikia 1932, mpango ulioanzia hapo na katika vijiji vingine vitano vya Alabama ulikuwa umejenga shule 4,977 katika majimbo 15 ya kusini mwa Marekani.

Wazo lilikuwa la Booker T. Washington, aliyezaliwa utumwani na baadaye akakiongoza chuo cha Tuskegee. Alikutana na Rosenwald mwaka 1911. Mwaka uliofuata, Rosenwald alipotimiza miaka 50, alikipa chuo hicho dola 25,000, na Washington akaomba sehemu ya fedha hizo ijenge shule za vijijini. Hali ilikuwa mbaya kweli. Watoto walisomea makanisani, kwenye vibanda vinavyovuja, au popote palipopatikana paa na mwalimu.

Rosenwald alikubali, lakini hakutaka kumjengea mtu shule nzima. Ruzuku yake ilikuja na masharti, na masharti hayo ndiyo yaliyoufikisha mpango mezani kwa bodi ya shule ya kila kaunti. Jamii ya weusi ichange kwanza: fedha, mbao, ardhi au kazi ya mikono. Hati ya kiwanja iandikwe kwa jina la mamlaka ya elimu ya umma. Bodi nayo itoe sehemu yake ya fedha, iajiri mwalimu na ikubali kuiendesha shule hiyo kama shule yake. Ramani iwe imeidhinishwa, madawati yawemo, vyoo viwepo. Jengo lilikaguliwa kabla ya fedha za Rosenwald kutolewa.

Kwa hiyo bodi ilipaswa kuamua. Na bodi ilikuwa ya wazungu watupu. Katiba ya Alabama ya 1901 ilikuwa imewaondoa weusi karibu wote katika daftari la wapiga kura kwa kutumia kodi ya kura na masharti ya kujua kusoma. Majimbo ya jirani yalifanya vivyo hivyo kwa njia zao. Mkulima mweusi aliyetaka shule alilazimika kwenda kuwasihi watu ambao hakuwa na uwezo wa kuwachagua wala kuwaondoa.

Zipo bodi zilizokataa au kuchelewesha. Wenye mashamba ya pamba waliogopa kwamba mtoto aliyesoma ataliacha jembe, na walipa kodi wazungu hawakutaka kusikia habari ya kodi yao kwenda kwa weusi. Bodi nyingine zilipiga hesabu tofauti. Kuanzia karibu mwaka 1916, maelfu ya familia nyeusi zilianza kuhamia miji ya kaskazini, na wenye mashamba wakaona nguvukazi inawaponyoka. Shule nzuri ilikuwa sababu mojawapo ya kumfanya mtu abaki. Tena kaunti ilikuwa inapata jengo jipya, na sehemu kubwa ya gharama ilibebwa na wengine. Bodi nyingi zilisaini kwa hesabu hiyo, wala si kwa huruma.

Huko vijijini, kazi ilikuwa kubwa kuliko saini. Wanawake walipika chakula na kukiuza jioni za michango. Wakulima walitenga vipande vya shamba la pamba ambavyo mavuno yake yalikwenda shuleni moja kwa moja. Waliokosa fedha walikata miti na kusomba mbao. Taarifa ya mkutano mmoja wa Boligee, Alabama, inamtaja mzee aliyeziona siku za utumwa. Alitoa mfukoni kifuko kikuukuu chenye mafutamafuta, akamwaga juu ya meza fedha zilizokuwamo. Zilikuwa dola 38, akiba ya maisha yake yote, na alizitoa ili watoto wa wajukuu wake wapate nafasi.

Hapa ndipo historia hii inapouma. Weusi walikuwa wameshalipa kodi, na kodi hiyo ilipelekwa zaidi kwenye shule za wazungu. Mwanahistoria James D. Anderson, katika kitabu chake cha 1988 kuhusu elimu ya weusi wa Kusini, aliuita mchango huu kutozwa kodi mara mbili. Mpango ulipokwisha ulikuwa umegharimu takriban dola milioni 28.4. Mfuko wa Rosenwald ulitoa milioni 4.3 na zaidi kidogo. Jamii za weusi zilitoa taslimu karibu milioni 4.7, kumzidi tajiri mwenyewe. Wazungu mmoja mmoja walichangia milioni 1.2, na zilizobaki, kama milioni 18, zilitoka kwenye hazina za umma. Ruzuku ndogo ya mtu binafsi, ikisukumwa na michango ya maskini, ilizilazimisha serikali kutimiza wajibu uliokuwa wao tangu mwanzo.

Majengo yenyewe yalikuwa bora kuliko mengi ya enzi yake. Ramani za kwanza zilitoka Tuskegee, kwa msanifu Robert R. Taylor, mtu mweusi wa kwanza kuhitimu katika chuo cha MIT. Vijiji vingi havikuwa na umeme, hivyo madirisha marefu yalipangwa safu moja, mashariki au magharibi, na madawati yakawekwa ili mwanga umfikie mwanafunzi kutoka kushoto. Mkono wake wa kulia usitie kivuli kwenye daftari. Kuta za katikati ziliweza kufunguliwa, na madarasa mawili yakawa ukumbi wa mikutano ya kijiji.

Michango mingi iliratibiwa na walimu wasimamizi waliolipwa na Mfuko wa Jeanes, ulioanzishwa mwaka 1907. Jina hilo lilifika hadi Afrika Mashariki: baada ya tume ya elimu ya Phelps-Stokes kuzuru eneo hilo mwaka 1924, Shule ya Jeanes ilianzishwa Kabete, Kenya, mwaka 1925, kuandaa walimu wa kusimamia shule za vijijini.

Kufikia 1928, shule moja kati ya kila tano za weusi vijijini Kusini ilikuwa ya Rosenwald. Mwandishi Maya Angelou alisoma katika mojawapo, Stamps, Arkansas. Mtetezi wa haki za kiraia John Lewis naye alisoma katika nyingine, kaunti ya Pike, Alabama. Wachumi Daniel Aaronson na Bhashkar Mazumder walionyesha mwaka 2011 kwamba shule hizi zilichangia sehemu kubwa ya kupungua kwa pengo la elimu kati ya weusi na wazungu vijijini.

Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani ilipiga marufuku ubaguzi shuleni. Utekelezaji ulipoanza, bodi zilikaa tena mezani, na mara nyingi shule zilizofungwa ni zile za weusi. Kwa kuwa hati zilikuwa za kaunti, waliojenga hawakuwa na kauli. Majengo yaliuzwa, yakageuzwa maghala au yakaachwa yaoze. Mwaka 2002 shirika la taifa la kuhifadhi majengo ya kale liliziweka shule za Rosenwald katika orodha ya maeneo yaliyo hatarini, na Januari 2021 ilisainiwa sheria ya kutathmini uwezekano wa kuwa na hifadhi ya taifa ya kumbukumbu ya Rosenwald na shule hizo.

Katika kaunti ya Cumberland, Virginia, shule ya Pine Grove ilijengwa mwaka 1917 na kufungwa mwaka 1964. Bado imesimama. Mpango wa kuweka jalala kubwa jirani ulipotangazwa, wazao wa waliosoma pale walijiunga pamoja kuitetea na kuikarabati, nao wakaanza kuchangisha fedha.