Ngao: Shule Iliyolelewa na Wakulima

Kusini mwa Garsen, kabla Mto Tana haujatawanyika kwenye vinamasi na kuingia baharini Kipini, kipo kijiji cha Ngao. Kuna hospitali na kanisa, na kuna shule ambazo chimbuko lake ni misheni ya karne ya 19. Historia ya mahali hapa husimuliwa mara nyingi kama historia ya Wajerumani walioianzisha misheni hiyo. Naona huko ni kuwanyima haki walioibeba kazi kwa muda mrefu zaidi, yaani wakulima wa Kipokomo walioshika jembe alfajiri na chaki jua likishapanda, wakasomesha watoto wao na wa majirani.

Wajerumani walifika mwaka 1887. Walitumwa na misheni ya Neukirchen, iliyoanzishwa na mchungaji Ludwig Doll, mtu aliyefungua pia makao ya mayatima katika mji wake. Wakati huo Witu, usultani wa jirani, ilikuwa chini ya himaya ya Ujerumani, kufuatia mkataba ambao ndugu wawili, Clemens na Gustav Denhardt, walifunga na Sultani Ahmed Simba mwaka 1885. Bonde la Tana halikuwa salama. Jirani tu, Golbanti, mmishonari Mmethodisti John Houghton na mkewe Annie walikuwa wameuawa Mei 1886 katika uvamizi wa Wamasai, pamoja na wenyeji waliokuwa nao. Mwaka 1890 Ujerumani iliiachia Uingereza eneo lote. Bendera ikabadilika, misheni ikabaki.

Mmoja wa wageni hao, Ferdinand Würtz, alichapisha sarufi ya Kipokomo mwaka 1889, kisha kamusi, na Agano Jipya la Kipokomo likatoka mwanzoni mwa karne ya 20. Kazi hiyo inastahili heshima. Lakini mgeni hajui lugha mpaka afundishwe na wenyewe. Watu waliokaa naye, wakamrudia maneno mpaka sikio lake likazoea, ndio ninaowahesabu kuwa walimu wa kwanza wa Ngao. Baadaye wengine wao wakageukia herufi zile zile, wakawasomesha watoto wa vijiji vyao.

Mwalimu wa kijiji wa zama hizo hakuacha shamba, na asingeweza. Shamba la familia ya Kipokomo huanzia ukingoni mwa mto na kuingia ndani. Penye mwinuko wa ukingo hupandwa migomba, mahindi na miembe. Nyuma yake, bondeni ambako mafuriko hutuama, hupandwa mpunga. Mto ukifurika wakati wa masika na tena wakati wa vuli, huacha tope jeusi lenye rutuba, na mwenye kuchelewa kupanda hupoteza msimu. Mpunga ukianza kutoa masuke, ndege hushuka makundi kwa makundi. Ndipo hujengwa dungu, jukwaa la miti katikati ya shamba, na mtu hupanda juu na kombeo lake tangu kupambazuka mpaka giza. Kazi ya kuamia ndege ni ya watoto kwa kiasi kikubwa. Mwalimu ambaye naye alikuwa mkulima hakuhitaji kuelezwa kwa nini madawati yalikuwa matupu wakati huo. Alijua pia kwamba mpunga huo huo ndio utakaonunua daftari na kulipa karo, na kwamba mzazi hapaswi kulazimishwa kuchagua kati ya chakula na shule.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka 1914, Wajerumani walijikuta raia wa adui katika nchi iliyotawaliwa na Mwingereza, nao wakawekwa kizuizini. Walirudi baada ya miaka kadhaa, kisha mwaka 1939 mambo yakajirudia. Hatimaye kazi ya Neukirchen ikaangukia mikononi mwa Wamethodisti, ambao kanisa lao nchini Kenya lilijitegemea mwaka 1967. Kila mara wageni walipoondolewa, aliyebaki alikuwa mwalimu mwenyeji, mwenye mke, watoto na shamba pale pale. Hakuwa na kwao kwingine pa kurudi. Kwangu mimi, hapo ndipo shule ilipokuwa ya Wangao wenyewe.

Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa na yake. Mwaka 1902 maofisa wa Kiingereza walimnyang'anya Mpokomo ngadji, ngoma yake takatifu, na tangu 1908 iko katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Mtoto wa Ngao afundishwe habari hiyo sambamba na habari za Würtz. Afundishwe pia kwamba mwaka 1963, kamati ya watu watano, akiwemo Thomas Kalume wa pwani hii hii, ilipotafuta lahani ya wimbo wa taifa, iliichukua kutoka wimbo ambao mama wa Kipokomo huwabembelezea watoto wao.

Tangu Bwawa la Masinga likamilike mwaka 1981, mafuriko yaliyozoeleka yamepungua nguvu, na mashamba ya mpunga yameumia. Yale makubwa bado huja bila huruma, kama ya El Niño ya 1997 na ya mwishoni mwa 2023. Mwaka 2012 ukaja msiba mzito kuliko mafuriko yote: mapigano ya wakulima na wafugaji yaliua watu zaidi ya 100 katika Tana Delta, watoto wakiwemo. Familia zilihama usiku, na masomo yakakatika. Waliorudi baadaye kulima na kufundisha katika vijiji hivyo wanastahili kuandikwa katika historia hii kwa heshima ile ile wanayopewa waasisi.

Ombi langu kwa familia za Ngao ni hili. Mwenye daftari la mahudhurio, barua au picha ya babu au bibi aliyekuwa mwalimu, atoe nakala na kuipeleka shuleni, na nyuma yake aandike jina, kijiji na shamba lilikokuwa. Karatasi hazistahimili maji ya Tana, na wanaowakumbuka walimu wale sasa ni wazee.