Mama anayemeza dawa anahitaji pia chakula

Katika makanisa yetu ya mashariki mwa Kongo tunao wamama wanaoishi na virusi vya Ukimwi, na baadhi yao wana kifua kikuu pia. Magonjwa haya mawili husaidiana: virusi hudhoofisha kinga ya mwili, na kifua kikuu hupata nafasi ya kuamka. Yote mawili hukondesha. Shirika la Afya Duniani (OMS) linaeleza kwamba mtu mzima mwenye virusi, hata bila dalili, anahitaji chakula cha nguvu kwa asilimia 10 zaidi. Akiwa na dalili, asilimia 20 hadi 30 zaidi.

Matibabu ya kifua kikuu cha kawaida ni miezi 6. Dawa za virusi ni za maisha yote. Dawa zikianza kufanya kazi, hamu ya kula inarudi kwa nguvu. Hapo ndipo jaribu lilipo: mama anasikia njaa kali, nyumbani hakuna kitu, naye anaona afadhali aache dawa. Lakini kuacha katikati kunaweza kuleta kifua kikuu sugu, kigumu zaidi kutibu, na jamaa yote iko hatarini.

Katika jimbo la Jharkhand, India, jamaa za wagonjwa wa kifua kikuu zilipewa posho ya chakula kila mwezi. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2023 yalionyesha kwamba wagonjwa wapya katika jamaa hizo walipungua kwa karibu asilimia 39. Kwa hiyo sahani ya mgonjwa na ya watoto wake ni sehemu ya kinga.

Ale nini? Bugali ya muhogo peke yake hushibisha tumbo bila kujenga mwili. Tuongeze maharagi, soya, karanga, ndagala, sambaza au yai. Tuongeze sombe, lenga-lenga, mafuta ya mawese, papai na avoka. Asiye na hamu ale kidogo kidogo, mara tano kwa siku. Uji wa mahindi na soya humfaa. Maji yachemshwe. Pombe aiache, kwa sababu pamoja na dawa za kifua kikuu huumiza ini.

Dawa zikimletea kichefuchefu, au miguu ikimwaka moto, asiziache; amwambie muuguzi. Katika kila kituo cha afya ataje dawa zote anazomeza, kwa maana nyingine hupunguziana nguvu na kipimo hubadilishwa. Anayenyonyesha na kumeza dawa zake vizuri aendelee kunyonyesha: maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya kwanza.

Lakini tuseme ukweli: katika nyumba zetu nyingi baba hula kwanza, kisha watoto, na mama hukwangua sufuria. Yesu alipomfufua binti wa Yairo, aliagiza mara moja apewe chakula. Hakuona kwamba muujiza umemaliza kazi. Baba wa nyumba, mpakulie mkeo mgonjwa kwanza.

Na sisi wachungaji tusimlazimishe mgonjwa kufunga siku tatu, wala tusimwambie atupe dawa kwa kuwa ameombewa. Mwenye kumeza dawa anaweza kuomba pamoja nasi akiwa amekula.

Mashemasi na umoja wa wamama wanaweza kutenga sehemu ya mavuno ya shamba la kanisa, kulima mboga karibu na nyumba ya mgonjwa, na kumsindikiza kupima uzito kila mwezi. Wafanye hivyo kwa siri. Chakula kipelekwe kama vile jirani humpelekea jirani, na jina la ugonjwa lisitajwe mbele ya watu. Mama akiogopa kuaibishwa, atakataa msaada wetu hata kama ana njaa.