Safari ya Damu Mwilini

Zamani matabibu wa Ulaya, kwa muda wa miaka 1,400 na zaidi, walishika mafundisho ya Galen, ya kuwa damu hufanyizwa katika ini kwa chakula tulacho, kisha huenda viungoni ikaishia huko, kama maji yaingiavyo mchangani.

William Harvey, Mwingereza aliyezaliwa mwaka wa 1578, alisoma utabibu Padua, katika nchi ya Italia. Mwalimu wake Fabricius aliwaonyesha wanafunzi vilango vidogo vilivyomo ndani ya mishipa. Harvey akajiuliza, Ni vya kazi gani? Akapasua wanyama wengi, akatazama moyo upigavyo, akafanya hesabu. Akaona ya kuwa damu itokayo moyoni kwa nusu saa yaipita damu yote iliyomo mwilini. Je, ni chakula gani kiwezacho kufanyiza damu nyingi hivyo? Basi, hapana budi damu ile ile hurudi. Tena alifunga mkono wa mtu kwa kitambaa, mishipa ikavimba. Akaisukuma damu kuelekea vidoleni, vilango vikaizuia. Yakubali kwenda upande wa moyo tu.

Mwaka wa 1628 alitoa kitabu chake, na matabibu wengi wakampinga. Naye hakupata kuziona njia damu ipitazo kutoka mishipa iendayo hata mishipa irudiyo. Alikufa mwaka wa 1657. Mwaka wa 1661 Malpighi aliziona kwa darubini, katika mapafu ya chura.

Nasi twajifunza: neno la wazee huheshimiwa, lakini kazi ya Muumba haiogopi kupimwa.