Pinehurst No. 2

Pinehurst No. 2 ni uwanja wa gofu wenye mashimo 18 katika kijiji cha Pinehurst, jimbo la North Carolina, nchini Marekani. Ulisanifiwa na Donald Ross, mzaliwa wa Dornoch huko Uskoti, ukafunguliwa mwaka 1907. Mashindano ya U.S. Open ya wanaume yamefanyika hapa mara nne: 1999, 2005, 2014 na 2024. Uwanja unajulikana pia kwa ukarabati wa miaka 2010–2011, ambao uliuandaa kwa ubingwa kwa kuondoa nyasi na kupunguza maji, kinyume cha desturi ya wakati ule.

Historia

Ross aliendelea kuurekebisha uwanja huu hadi alipofariki mwaka 1948. Mwanzoni grini, yaani sehemu laini zinazozunguka kila shimo, zilikuwa za mchanga. Zilipandwa nyasi katikati ya miaka ya 1930, kabla ya PGA Championship ya mwaka 1936.

Eneo lenyewe ni la mchanga na misonobari. Katika miongo iliyofuata nyasi za kumwagiliwa zilienezwa karibu kila mahali, na pembeni zikaachwa ziwe ndefu na nene ili kumwadhibu mchezaji aliyekosea. Uwanja ulipendeza machoni, lakini ulifanana na vingine vingi.

Ukarabati wa 2010–2011

Kazi ilipewa Bill Coore na Ben Crenshaw. Walitumia picha za angani zilizopigwa mwaka 1943 kujua mipaka ya zamani. Bomba la maji la zamani lililopita katikati ya kila njia ya nyasi fupi liliwasaidia pia: maji yake yalipofika ndipo nyasi zilipoishia.

Takriban ekari 35 za nyasi ziling'olewa. Mahali pake palirudishwa mchanga, majani makavu ya misonobari na nyasi-waya (*Aristida stricta*), mmea wa asili wa eneo hilo. Vinyunyizio vilipunguzwa kutoka takriban 1,150 hadi 450. Tangu hapo pembe za njia hukauka na kuwa za kahawia wakati wa joto, jambo lililowaudhi watazamaji waliozoea rangi ya kijani kwenye televisheni. Ukavu huo si uzembe: ardhi ngumu huufanya mpira ubiringike mbali, na usipoelekezwa vizuri huishia mchangani au chini ya kichaka, ambapo hakuna ajuaye utakaaje.

Mashindano mawili, 2014

Mwaka 2014 U.S. Open ya wanaume na ya wanawake zilichezwa hapa kwa wiki mbili mfululizo, kwa mara ya kwanza katika historia. Kulikuwa na hofu kwamba wanawake wangeachiwa uwanja uliochakaa, wenye makovu ya fimbo za wanaume na grini zilizokaribia kufa kwa kiu. Watunzaji walilazimika kuzikausha grini kiasi cha kuwapa wanaume mtihani, kisha kuzilainisha kidogo kwa siku chache tu. Umbali ulipunguzwa pia, kutoka takriban yadi 7,560 hadi 6,650. Martin Kaymer alishinda kwa pigo 9 chini ya kiwango, Michelle Wie kwa 2.

Grini

Grini za Pinehurst zimeinuka kama mgongo wa kobe, hivyo mpira usiotua vizuri huteleza nje. Kwa sababu hiyo kasi yake ni jambo nyeti. Hupimwa kwa stimpmita, kipande cha alumini chenye mfereji ambacho mpira huachiwa ubiringike kutoka kwake. Umbali unaofika, kwa futi, ndio kipimo. Kwenye miinuko hii ongezeko dogo tu laweza kufanya baadhi ya sehemu zisichezeke.

Baada ya mashindano ya 2014, nyasi za benti zinazopenda baridi ziliondolewa kwenye grini, zikapandwa za bermuda aina ya Champion. Bermuda ni ukoka (*Cynodon*), nyasi ileile inayotambaa njiani Afrika Mashariki, ila aina hii ni fupi mno na huvumilia kukatwa milimita chache kutoka ardhini. Hustahimili joto la Juni, mwezi wa U.S. Open, kuliko benti. Bryson DeChambeau alishinda juu yake mwaka 2024.

Mashindano ya wanaume yamepangwa kurudi Pinehurst mwaka 2029, tena pamoja na ya wanawake.